Wapiga dawa walivyonipiga kabla sijampata anayejua kazi

Mwaka jana mwezi wa sita kijana wangu alirudi likizo toka boarding, yuko form two, na kama kawaida yake akarudi na tranka, godoro la futi mbili na nusu limefungwa kamba, na begi la nguo ambazo nusu si zake. Mimi kwa furaha ya mama nikamkumbatia, nikapokea godoro kwa mikono yangu hii miwili, nikaliingiza moja kwa moja chumba cha watoto. Hapo ndo nilipojiloga mwenyewe. Jina la shule silitaji, ila baadae nilipompigia matroni akanijibu "mama, huku kwetu kunguni hakuna", kwa sauti ya mtu aliyeshajibu swali hilo mara nyingi.

Tunakaa Sakina hapa Arusha, nyumba ni yetu, vyumba vitatu na sebule, alafu nyuma kuna vyumba viwili vya wapangaji vimeungana na jiko letu na silingi ni moja inapita juu kote. Hiyo silingi ikumbuke.

Wiki ya pili hivi binti yangu mdogo akaanza kuamka na vipele mkononi, vitatu vitatu vimepangana mstari. Mimi nikasema mbu. Baba watoto akasema ni mzio wa maharage, sijui alilitoa wapi hilo. Mpaka siku dada wa kazi anatandika kitanda akaniita, "mama njoo uone hii shuka", nikakuta vidoa vya damu vilivyofifia na vidoa vyeusi vidogo kama mtu kagusagusa na ncha ya kalamu ya wino. Nikajua. Na cha kwanza nilichosikia sio hasira wala nini, ni aibu, maana sisi tumelelewa tukijua kunguni ni wa nyumba chafu. Kumbe hana habari na usafi wako, yeye anafuata damu na joto la mtu aliyelala, hoteli ya kitalii anaingia, ghetto anaingia. Lakini ile aibu ndo iliyonigharimu, kwa sababu badala ya kuuliza watu nikakaa kimya nikatafuta mtu wa kuja haraka haraka majirani wasijue.

Namba nikaitoa kwenye nguzo ya umeme. Si mnayajua yale matangazo, karatasi imebandikwa TUNAUA KUNGUNI MENDE PANYA MCHWA NYOKA, dawa moja inaua ukoo mzima wa viumbe. Nikapiga. Swali lake la kwanza na la mwisho lilikuwa "vyumba vingapi?" Nikamwambia vitatu na sebule. "Elfu 80 mama, nakuja saa hizi." Nikaona nimepata mtu wa maana, bei poa na hana maswali mengi. Leo hii mtu akinipa bei kwenye simu kabla hajauliza mdudu gani nakata simu.

Kaja na bodaboda, bomba la mgongoni, viatu vya wazi, hana glavu wala barakoa, kafunga kitambaa puani. Dawa kaibeba kwenye chupa ya maji ya kunywa ile ya lita moja na nusu, haina lebo, kitu cheupe kama maziwa. Alipoanza kupuliza tu ile harufu nikaifahamu. Nikiwa mdogo likizo tulikuwa tunapelekwa kwa mjomba kule Ngarenanyuki, watu wa nyanya, na ukikaa kule harufu ya siku ya kupiga dawa shamba haikutoki maisha. Huyu kaka alikuwa ananipigia dawa ya nyanya chumbani kwa watoto. Na mimi nikasimama mlangoni nikanyamaza! Nikajiambia kali ndo nzuri, ikinuka sana ndo inaua sana. Hakuinua hata godoro moja. Kalowanisha kuta, kalowanisha sakafu, katikati ya chumba ambapo hakuna kunguni anayeishi, dakika 25 kamaliza. "Kaeni nje nusu saa alafu ingieni."

Usiku huo binti anakohoa, na paka wetu akaanza kutoa udenda na kutetemeka, tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo akanusurika. Asubuhi yake nikashika ndoo, sabuni ya unga, nikadeki nyumba yote na kufuta kuta kwa hasira ya harufu. Kosa langu lingine hilo na hakuna aliyekuwa ameniambia, kwamba dawa za namna hii zinatakiwa zibaki pale pembeni mwa ukuta na kwenye nyufa mdudu apite juu yake, ukideki mpaka kwenye kona umedeki hela yako. Ingawa kwa ile ya nyanya hata sijutii.

Siku tisa tulilala vizuri, nikamsifia yule kaka mpaka kwa mama mkwe. Siku ya kumi vipele vikarudi. Na ile wiki mpangaji wangu akabisha hodi jikoni, kijana mpole sana, kasimama anaangalia chini, "mama, samahani, sijui nikwambieje, chumbani kwangu kuna wadudu na sikuwa nao." Nilitamani ardhi ipasuke. Wale kunguni walikuwa wamekimbia dawa, wakapanda ukutani, wakapita juu ya silingi, wakashuka kwake. Nikampigia mpiga dawa, akasema "hao ni wapya mama, ongeza elfu 50 nije." Nikamwambia njoo kwanza uone. Tangu hapo simu yake kwangu haipatikani mpaka kesho.

Wa pili sikumpa hela, namshukuru Mungu. Huyu aliletwa na shemeji, eti anaua kunguni kwa siku moja tu hawarudi milele. Nikamuuliza kwa dawa gani, akatoa mfukoni kichupa cha vidonge, na nikavitambua, ni vile vya kuwekea mahindi ghalani. Anasema tunaweka vidonge kwenye chumba, tunaziba mlango kwa gazeti na gundi, asubuhi wote wamekufa. Wote ndio, na mimi humo humo! Kile kidonge kikikutana na unyevu wa hewani kinatoa gesi ya fosfini, gesi haijui mpaka wa chumba cha mama mwenye nyumba na cha mpangaji, inapita juu ya silingi kama kunguni tu walivyopita, na mtu akishaivuta hospitali hawana dawa maalum ya kuipindua, wanakuhudumia tu waone mwili wako utashindaje. Nimesikia familia zilizolala chumba kimoja na magunia yenye vidonge hivyo. Shemeji akaona namdharau mtu wake. Nikamwambia shem, bora waniume.

Baada ya hapo nikasema ngoja niende kwa wakubwa sasa, kampuni ya mjini yenye ofisi, gari limeandikwa, vijana wana sare. Akaja dada wa mauzo, kapendeza, ana kishkwambi, akaniwekea mkataba wa mwaka, wanakuja mara nne, ulipe nusu kwanza. Nikamuuliza dawa mnayotumia inaitwaje. Akacheka vizuri tu, "hiyo ni siri ya kampuni mama, ila inatoka Ujerumani." Jamani. Dawa ya binadamu hospitali inaandikwa jina, ya ng'ombe inaandikwa jina, hii ya kumwagwa chini ya kitanda cha mwanangu ndo siri? Na kingine, mara nne kwa mwaka maana yake kila baada ya miezi mitatu, ambayo kwa mende labda, kwa kunguni ni sawa na kuwapa likizo wazaliane. Nikammiminia chai tukaagana kwa amani.

Aliyenitoa gizani ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye nilimficha miezi miwili na kumbe yeye kunguni walishampitia mwaka juzi. Akaniambia we mama, unahangaika na namba za nguzoni na TPRI ipo hapo Ngaramtoni daladala moja tu? Sisi wa huku bado tunaita TPRI ingawa siku hizi jina ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, viuatilifu ndo hizi dawa za wadudu, ilibadilika na sheria ya mwaka 2020, makao makuu yako palepale. Miaka yote napita pale kwenye barabara ya Namanga najua ni watu wa kahawa na mahindi. Nikaenda. Nilichotoka nacho ni kwamba mtu anayefanya biashara ya kufukiza na kupulizia majumbani anatakiwa awe na kibali chao, na kiuatilifu chochote kinachouzwa kihalali nchini kinakuwa kimesajiliwa na namba yake ipo kwenye lebo, na mimi mteja nina haki ya kuomba nioneshwe vyote viwili kabla bomba halijajazwa. Yaani swali la sekunde tano. Yule wa bodaboda angeulizwa hilo swali angekumbuka ana dharura nyumbani.

Yule mwalimu ndo akanipa namba ya mzee mmoja, kampuni yake yeye na vijana wawili tu, hana hata kibao barabarani. Nikampigia nikiwa na hasira zangu zote, nikaanza "mzee, unachaji shingapi vyumba vitano?" Akasema subiri mama, mdudu gani? Umemwona kwa macho au umeona vipele? Mmeshapiga dawa? Ipi, lini, nani alipiga? Nyumba imeshikana na ya mtu? Kuna mjamzito, kuna mwenye pumu, mtoto mchanga? Unafuga paka, kuku, samaki? Mpaka nikakaa chini. Nilipomwambia ya paka akanyamaza kidogo, akaniuliza "ilikuwa inanuka kama shamba?" Nikasema ya nyanya mzee. Akasema aa. Bei akagoma kabisa kunitajia, akasema atakuja kuangalia kwanza, elfu 10 ya nauli na muda wake, tukikubaliana anaikata kwenye malipo. Ningekuwa yule wa mwezi wa sita ningemwona tapeli.

Ile siku ya kuangalia ndo nilielewa tofauti. Hakuja na bomba. Kaja na tochi, bisibisi, na kadi ya benki iliyokwisha muda. Kalaza godoro la kijana ubavu, akafuata mshono wake kwa tochi taratibu kama mtu anayesoma Msahafu, kila inchi. Alafu akageukia kitanda, akatoa chaga moja moja, na pale chaga inapokaa kwenye ubavu wa kitanda kuna kiufa ambacho mimi kwa miaka sita sijawahi kukiona, akaingiza ile kadi akaivuta. Wakatoka. Wakubwa wanne rangi ya punje ya tende, wadogo wamepauka kama mbegu ya ufuta, na mayai meupe yamegandia kwenye mbao. Akaniita nisogee, "mama, hawa ndo uliowalipia elfu 80." Akafungua na soketi ya umeme ukutani kwa bisibisi baada ya kuzima main switch, kuna kinyesi chao humo. Nyuma ya picha ya harusi yetu pia, hapo baba watoto ndo akaacha habari za maharage.

Maelezo yake yalikuwa marefu, mzee anapenda kuongea, nayafupisha. Dawa nyingi za madukani za wadudu wa ndani ni za jamii ya pareto, zimetengenezwa kufuata sumu ya yale maua ya pareto, na ndo jamii ileile iliyopo kwenye vyandarua vyenye dawa. Kunguni wetu wameshaizoea. Akasema wataalamu waliligundua hilo kwenye vijiji vya Tanga vilivyokuwa vinatumia vyandarua hivyo, wakaandika tangu 2002. Kwa hiyo yeye hapigi ya jamii hiyo peke yake, anaongeza ya jamii nyingine. La pili, dawa haiui mayai vizuri, kwa hiyo mtu anayekwambia anapiga mara moja basi, ama hajui ama anajua. Lazima kurudi mayai yakishatotoa na kabla wale wadogo hawajakua wakataga. Nikasema eeh wiki mbili, nimesikia. Akatikisa kichwa. "Moshi ningerudi wiki mbili, hata siku kumi. Hapa Arusha mwezi wa nane na baridi hii mayai yanachelewa, nakuja baada ya wiki tatu." Sijawahi kufikiria kwamba baridi ya Arusha inamhusu na kunguni.

Na akakataa kupiga nyumba yangu peke yake. Wapangaji wote wawili siku moja na mimi, la sivyo anaondoka na elfu 10 yake. Jumla laki 2 na elfu 40 kwa awamu mbili, laki na nusu ya kwanza, iliyobaki baada ya awamu ya pili. Mara tatu ya yule wa bodaboda, ndio, lakini fanya hesabu ya elfu 80, daktari wa paka, dawa za mtoto, na kodi ya mwezi mmoja niliyomsamehe yule kijana mpangaji kwa aibu.

Godoro la boarding nilitaka nilichome. Akaniambia, "choma, ila wale wa kwenye soketi watakucheka." Tukalifunga na nailoni nzito, likapigwa selotepu kila upande, likakaa hivyo miezi, kwa sababu kunguni mkubwa anaweza kukaa na njaa muda mrefu sana. Shuka, mapazia na nguo tuliloweka maji ya moto kabisa, zisizofulika tukapiga pasi kwenye mishono.

Siku ya kazi akaja na chupa zimefungwa bado. Akaniwekea mezani nisome mwenyewe, jina, namba ya usajili, tarehe ya kuisha, maelezo ya Kiswahili, na ule mstari wa rangi chini ya lebo ambao sikuwahi kujua una maana. Mwekundu ndo sumu kali kupita zote, kisha njano, bluu, kijani. Yake ilikuwa na bluu. Akafungua mbele yangu, akachanganya nje kwa kipimo, amevaa glavu ndefu na barakoa yenye vichujio. Na ndani hakulowanisha chochote! Katumia mdomo mwembamba kama sindano, nyufa za kitanda, misumari, pembe za ukuta na sakafu, kingo za silingi. Kwenye soketi hakutia dawa ya maji, katia ya unga. Harufu karibu hamna. Tukakaa kwa mwalimu mpaka jioni, tukafungua madirisha, na amri ikawa katikati ya chumba deki, pembeni usiguse mpaka nirudi. Chupa tupu kazisuuza, kazitoboa, kaondoka nazo, dada wa kazi alikuwa ameshaipigia mahesabu moja ya kuwekea mafuta ya taa.

Kwenye wiki hizo tatu tuliumwa tena kidogo, nikapaniki, nikampigia saa tano usiku. Akapokea. "Nilikwambia watatotoa mama, lala." Na siku ya 21 asubuhi kaja mwenyewe bila kukumbushwa, kakagua tena na ile kadi, kapata wawili wadogo, kapiga awamu ya pili, kaniandikia risiti na karatasi ya garantii ya miezi mitatu ambayo mstari wake wa mwisho unasema haitahusika "endapo mteja ataingiza godoro lingine bila kulikagua".

Dada yangu anayekaa Pasua kule Moshi aliposikia stori akamtaka huyo huyo kwa mchwa wake. Kwake mchwa wanapanda ukutani na vile vinjia vyao vya udongo mpaka kwenye fremu za milango, shemeji alishapaka oil chafu kila mahali nyumba inanuka gereji, na kampuni moja ilikuja ikapulizia vile vinjia kwa juu, vikakauka, wakalipwa, mwezi mmoja wametokea upande wa pili. Mzee akamwambia kwa simu mchwa wa ukutani nyumbani kwake ni ardhini, inatobolewa mashimo kufuata ukuta na dawa inashuka kwenye udongo, ni kazi nyingine na bei nyingine, na rahisi kuliko zote ingekuwa kumwaga kwenye msingi kabla ya zege. Dada akachukia hiyo ya mwisho, nyumba ina miaka kumi na mbili. Lakini mzee hakwenda. Akamwambia Moshi ni mbali kurudirudi kukagua, atafute mtu wa hukohuko, na akamtajia maswali ya kumuuliza. Mtu anakataa hela jamani.

Mwezi wa kumi na mbili kijana akafunga shule. Nilimsubiri getini na kanga, beseni na ile kadi ya benki, na mimi sasa ninayo yangu. Tranka likashukia kwenye zege nje juani, begi likaingia kwenye mfuko mweusi. "Mama, hata salamu?" Nikamwambia shikamoo utanipa ukishabadilisha nguo. Baba yake yuko barazani anacheka, mpangaji katoa kichwa dirishani anaangalia, na mimi nimeinama na tochi mchana kweupe nafuata mshono wa godoro.